Waangalieni Ndege, Hata Kwenye Theluji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki: "Waangalieni ndege wa angani" (Mathayo 6:26). Tumezoea kukimbilia ahadi kwamba Baba huwalisha, tukairuka amri yenyewe. Waangalieni.

Bruno Liljefors, mchoraji wa Uswidi (1860–1939), aliangalia kweli. Majira ya baridi ya 1883–84, karibu na Uppsala, alichora kipanga akivamia ndege wa huko wa jamii ya kwale. Dume lao ni jeusi lenye mng'ao wa buluu, ngozi nyekundu juu ya macho, mkia uliopinda kama kinubi. Alichorea nje, kwa ndege waliokufa, akikunja vichaka na kuwapanga humo waonekane hai.

Hapo ndipo penye ugumu. Ndege aliyekufa hulaza manyoya, jicho likadidimia. Aliye hai kwenye baridi hutunisha manyoya yashike hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Ukinakili mzoga tu, utapata ndege mwembamba wa kiangazi aliyebandikwa kwenye theluji. Liljefors alisaidiwa na kumbukumbu ya makundi aliyoyaona kwenye malisho ya jirani.

Theluji nayo ina hila. Ukiipaka nyeupe tupu inakuwa ukuta wa chokaa, kwa sababu kivuli chake hubeba buluu ya anga. Anza na kijivu chenye buluu kidogo. Nyeupe safi itunze kwa pale jua linapopiga. Zaburi 147:16 yasema Mungu hutoa "theluji kama sufu", na mfugaji yeyote anajua sufu haina weupe mmoja.

Je, Baba anamlisha yupi, kipanga au windo lake? Wote. Yule mweusi hupewa machipukizi ya miti wakati wa baridi, na usiku hujichimbia ndani ya theluji apate joto. Kipanga naye ana njaa. Tusilainishe Mathayo 10:29: haisemi shomoro haanguki, yasema haanguki "asipojua Baba yenu".

Wiki hii chukua penseli, ukae dakika 15 mbele ya shomoro wa uani. Vuta kwanza mstari mmoja kutoka mdomo hadi mkia, kisha kichwa, kisha bawa. Manyoya yaje mwisho. Ukianza nayo, vipimo vya mwili vitapotea. Akigeuka usifute, anza mchoro mwingine pembeni. Akirudia mkao wa kwanza, rudi kwenye ule wa kwanza uendelee.