Ukurasa mmoja niliompelekea msimamizi

Orodha ya wasimamizi wa insha ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa idara. Mbele ya jina langu palikuwa na jina la mhadhiri ambaye hajawahi kunifundisha hata kozi moja. Nilipewa siku tisa za kujiandaa kumwona ofisini kwake kuhusu insha yangu ya utafiti ya mwaka wa tatu. Jirani yangu wa hosteli aliposikia nimepangiwa nani, alisema tu, "Duh, pole."

Mada nilikuwa nayo: ule mpango wa karanga wa Waingereza. Waliosoma historia sekondari wanaukumbuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga Tanganyika katika mamilioni ya ekari: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Kongwa mvua ilikuwa ya kubahatisha, ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama sakafu, na matrekta yaliyonunuliwa mitumba yakafa moja baada ya jingine. Mwaka 1951 serikali yao ikanyoosha mikono, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji.

Kisa kitamu, na utamu wake ndio uliokuwa unaniponza. Nilikuwa na kurasa nne za Kiingereza kizito, zimejaa athari, changamoto na uchumi wa kikoloni. Ukiniuliza nachunguza nini, ningekusomea kichwa cha insha.

Siku ya tatu nilimpigia babu simu. Kwetu ni Nachingwea, na sikumpigia kwa ajili ya utafiti, nilitaka kumsalimia tu. Nikamwambia naandika habari za karanga. Akacheka sana, kisha akauliza: "Sasa mjukuu wangu, unataka kujua nini ambacho hao Wazungu wenyewe hawajakiandika?"

Nilibaki nimeshika simu.

Usiku ule niliziweka kando kurasa nne, nikajilazimisha kuandika swali langu kwa Kiswahili, ingawa insha yenyewe inatakiwa iwe ya Kiingereza. Hili ndilo lililonisaidia kuliko yote. Kwa Kiingereza nilikuwa najificha. Sentensi inasikika ya kisomi hata kama haina kitu ndani. Kwa Kiswahili nikiandika upuuzi, nausikia mwenyewe papo hapo. Nilifuta mara nane hivi. Kilichobaki ni hiki: reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipoondoka, wakulima wa Nachingwea walifikishaje korosho zao bandarini?

Swali la mtu wa kawaida kabisa. Niliogopa kwamba ni dogo mno.

Siku zilizofuata nilishinda maktaba. Sikusoma vitabu vizima, muda haukuwepo. Nilitafuta tu nani amewahi kuigusa reli ile, na kila nilipokuta aya nikaandika kwenye daftari kitabu, ukurasa, na jambo moja ambalo mwandishi hakulisema. Upande wa kulia nikaacha safu tupu ya maswali ya kumuuliza msimamizi. Yalifika kumi na moja. Nikayapunguza hadi matatu, kwa sababu wa mwaka uliotangulia waliniambia dakika ishirini ni nyingi kwa mtu yule.

Kisha nikaandaa ukurasa mmoja: swali, kwa nini naliuliza, vyanzo vitano, na ninachokikwamia. Nikamtumia kwa barua pepe siku tatu kabla. Hakujibu. Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda steshenari kuuchapa, flashi ikagoma kufunguka, foleni nyuma yangu inaguna. Bahati nilikuwa na nakala kwenye barua pepe yangu. Nikachapa mbili, yake na yangu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa." Ukurasa wangu ulikuwa mezani kwake, umeshachorwa wino mwekundu. Sikuamini. Akauliza, bila hata kunitazama, "Unataka kujua nini?" Nikamjibu kwa Kiswahili, kama nilivyoliandika usiku ule. Akanyanyua macho.

Hakunisifu. Alisema babu mmoja si ushahidi, ni mlango tu; niende Nyaraka za Taifa, Upanga, nikatafute mafaili ya mkoa, na barua ya utambulisho niianze mapema kwa sababu inachukua muda. Alifuta vyanzo viwili akisema vinanakiliana. Miaka nayo akaikata: niishie 1970, nisitamani kufika leo. Nilipoomba kurekodi kwa simu alikataa, kwa hiyo nikaandika mbio mbio. Katikati akapokea simu, akaongea dakika tano nzima habari za fundi bomba. Nilizitumia kupitia maswali yangu matatu. Mawili alikuwa ameshayajibu.

Nilipotoka sikwenda kantini. Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikaandika kila nilichokumbuka kabla hakijapoa, na jioni nikamtumia barua pepe fupi: tuliyokubaliana ni haya, nitarudi tarehe fulani. Hiyo akaijibu. Neno moja: "Sawa."

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kupata majina ya stesheni zote za njia ile. Nikampigia babu tena, kalamu mkononi. Akanyamaza kidogo.

"Huyo mwalimu wako," akasema, "umemwambia kwamba mimi treni hiyo niliipanda?"