Vifaa vya dharura vya gari kwa baridi ya Minnesota: kumbukumbu ya mradi wangu

Septemba

Mradi wangu wa msimu huu ni kuandaa upya vifaa vya dharura vya gari kabla theluji haijaanza. Tunaishi kaskazini mwa Minneapolis, Marekani. Mke wangu hufanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nami kazi hunipeleka Fargo kwa barabara ya I-94, mwendo wa kilomita 380 hivi. Ukishaipita St. Cloud na kuendelea magharibi, miti hupungua na mashamba hufunguka pande zote, upepo hauna cha kuuzuia. Theluji iliyoanguka jana inaweza kuinuliwa leo ikafunika barabara yote ilhali mbingu juu ni nyeupe kabisa, hakuna wingu.

Naanza Septemba kwa sababu baridi ya huku haimsubiri mtu. Mwaka 1991 dhoruba ilianza siku ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, na hadi ilipokwisha tarehe 3 Novemba zaidi ya sentimita 70 za theluji zilikuwa zimeanguka Minneapolis na St. Paul. Wenyeji wa makamo wanaihadithia hadi leo.

Nimekagua mikoba ya dharura inayouzwa madukani ikiwa tayari. Waya za jampa, zile za kuazima umeme kwenye betri ya gari lingine, ni nyembamba, glavu ni za pamba, blanketi ni karatasi ya kung'aa inayopasuka ukiivuta. Nitajikusanyia mwenyewe, na kila kitu kijibu moja kati ya maswali mawili: kitanisaidia kujikwamua, au kitanisaidia kungoja nikiwa hai? Kisichojibu hata moja hakiingii garini.

Oktoba: gari lenyewe kwanza

Mkoba hauwezi kufidia betri iliyochoka. Betri ya kawaida ya gari hupoteza kama theluthi moja ya nguvu zake joto likifika sifuri ya Selsiasi, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hupoteza zaidi ya nusu. Saa hiyo hiyo oili ya injini imekuwa nzito, na injini inadai nguvu nyingi zaidi kuzunguka. Yetu ilikuwa imezeeka, na fundi alipoipima chini ya mzigo ikaonekana inaelekea mwisho. Tumebadilisha. Katika mradi wote huu hakuna pesa iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Kulanti, dawa ya maji ya kupozea injini, nimeipima: nusu kwa nusu na maji, haigandi mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji ya waipa ya kiangazi nimeyamaliza na kujaza yale ya baridi, yaliyoandikwa kuwa hayagandi hadi nyuzi 29 chini. Upepo wa tairi nitaupima kila wiki, kwa kuwa hushuka karibu psi moja (kipimo cha shinikizo la hewa) kwa kila nyuzi tano au sita joto linapopungua. Unaweza kulala tairi zikiwa sawa, ukaamka taa ya onyo inawaka na hakuna msumari popote.

Oktoba mwishoni: vya kujikwamua

Beleshi dogo la chuma ambalo mpini wake hukunjwa. Yale ya plastiki hufaa theluji laini tu, ila kinachokunasa barabarani ni ule ukingo mgumu unaoachwa na magari ya kusafishia theluji. Brashi yenye kikwangulio cha barafu. Kamba ya kuvutia, pamoja na kulabu inayofungwa kwenye bampa; nimehakikisha inaingia kwenye tundu lake na kujaribu kuifunga nikiwa nimevaa glavu. Mchanga mkavu kwenye mitungi ya plastiki yenye mfuniko, wa kumwaga mbele ya tairi zinazoteleza. Wengi hubeba mchanga wa choo cha paka. Baadhi yake ukilowa hugeuka tope, kwa hiyo nimebaki na mchanga wa kawaida.

Pembetatu za kuakisi mwanga nilikuwa nazo. Aliyewahi kuendesha gari Kenya anajua polisi wa trafiki wanavyoziulizia.

Waya za jampa nimezichagua kwa makini: za mita sita, nene, geji 4. Katika vipimo hivi namba ikiwa ndogo waya ni nene zaidi. Urefu una maana yake, kwani gari la kukusaidia haliwezi kila mara kusogea pua kwa pua na lako ukiwa umekwama kando ya theluji iliyorundikana. Nimeandika utaratibu kwenye kadi na kuifunga pamoja nazo: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri. Cheche hutokea pale pa mwisho, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Betri ikiwa imeganda, usiijaribu kabisa.

Mke wangu akauliza swali la maana sana: saa tisa za usiku, maegesho yakiwa matupu, nani atampa gari la kumjampia? Kwa hiyo tumenunua pia chaja ndogo ya lithiamu ya kuwashia gari. Hiyo hailali garini. Baridi huidhoofisha, tena haifai kuchajiwa ikiwa chini ya sifuri. Anaingia nayo kazini kwenye mkoba wake na kutoka nayo.

Novemba: vya kungojea

Sehemu hii ndiyo nimeitafakari zaidi. Ukikwama katikati ya dhoruba, kanuni ya kwanza ni kubaki garini. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 30, na kwenye theluji inayopeperushwa mtu hupotea hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Gari ni kubwa, linaonekana, na linazuia upepo. Unapiga 911, namba ya dharura, unawasomea namba ya kibao cha maili ulichokipita mwisho, unafunga kitambaa chekundu mahali pa juu, unakaa.

Kisha inakuja habari ya ekzosi, bomba la moshi, nami naomba kila anayesoma hapa aishike. Theluji ikiziba bomba, moshi hurudi chini ya gari na kuingia ndani, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huua watu wakiwa wamesinzia na hita inawaka. Kila mara kabla ya kuwasha injini, toka uchimbue bomba. Washa kama dakika kumi kila saa, fungua kidogo dirisha lililo upande usiopigwa na upepo, kisha zima. Injini ndogo kama ya Corolla yetu ikisimama inaunguza chini ya lita mbili kwa saa, hivyo nusu tangi, kwa utaratibu huo, inaweza kukuvusha siku mbili na zaidi. Tangu sasa sindano ya mafuta hairuhusiwi kushuka chini ya nusu.

Kwa saa ambazo injini imezimwa: blanketi mbili za sufu, mfuko wa kulalia, soksi, kofia, na glavu zinazofunika vidole pamoja. Mshumaa mnene ndani ya kopo la chuma, na viberiti ndani ya chupa isiyoingia maji. Kopo lingine la kuyeyushia theluji, maana kula theluji kavu hukunyang'anya joto la mwili. Tochi ya kichwani yenye betri za lithiamu. Zile za alkali baridi huzilegeza upesi. Karanga, tende, chokoleti. Maji kwenye chupa zilizoachwa theluthi moja tupu, zisipasuke yakiganda. Filimbi. Dawa za mke wangu hatuziachi garini, anatembea nazo.

Desemba: jaribio

Usiku wa kwanza wa baridi kali nilikaa garini mbele ya nyumba, injini imezimwa, na kipimajoto kwenye dashibodi. Haikupita saa, joto la ndani likawa chini ya sifuri. Mshumaa uliongeza nyuzi chache tu. Faida yake kubwa niliiona kwenye vidole: niliweza kuvipasha na kuendelea kuvitumia. Pumzi iliganda upande wa ndani wa vioo hadi nje kukawa hakuonekani, kwa hiyo kikwangulio cha pili kinakaa ndani. Ubaridi mkali zaidi ulitoka chini, miguuni. Nimeongeza kipande cha godoro la povu cha kukanyagia.

Rafiki yangu dereva wa malori alikuja kuuona mpangilio. Akafungua buti, akatazama, akasema: "Ndugu yangu, vya kukuokoa usivifungie nyuma. Buti ikigongwa au kufuli likiganda, utavifikiaje?" Tulihamisha siku hiyo hiyo. Blanketi, mfuko wa kulalia, chakula, maji, tochi, mshumaa na beleshi viko nyuma ya kiti cha dereva, mahali mkono unafika bila kufungua mlango. Mchanga, kamba na waya vimebaki kwenye buti.

Kabla ya kila safari ya Fargo naangalia hali ya barabara kwa huduma ya 511 ya Minnesota. Wakifunga mageti ya I-94, safari inaahirishwa.

Kazi iliyobaki ni ya jamaa waliotufikia kutoka Nakuru mwezi Agosti, ambao wamenunua gari juzi na wana mtoto mchanga. Nimeshawapatia beleshi na mchanga. Jumamosi tutapima betri yao, tutanunua waya kama hizi zangu, na kuongeza maziwa ya unga, nepi na blanketi ya mtoto kwenye mfuko wa ndani.