Mahari ya kaka, Urambo, na Impreza ya shemeji

Mahari ya kaka yangu ilipelekwa Urambo jumamosi moja ya mwezi wa saba, kipindi kile barabara ya Tabora kwenda Urambo bado inajengwa, yani unapanda lami mpya unashukuru Mungu, hujamaliza kushukuru kibao cha mshale kinakutupa porini kwenye daivashen, vumbi mpaka kwenye meno. Sio mbali, ni kilomita tisini na kitu tu, ila kwa hali ile ulikuwa hujui utafika saa ngapi.

Usafiri uliopatikana ni magari mawili na yote Subaru. Moja ni Impreza WRX STI ya shemeji, mume wa dada, alikuwa ametoka nayo Dar wiki ile ile. Bluu, rimu za dhahabu, bomba la nyuma unaweza kuingiza ngumi, na imelala chini kiasi kwamba paka akikimbilia uvunguni anakwama. Nyingine ni Legacy wagon, ile GT spec B, ya binamu yangu wa pale Isevya, rangi ya jivu, haina stika hata moja, ukiikuta imepaki unaweza ukadhani ya mwalimu mkuu.

Sasa baba mdogo ndo alikuwa msemaji wetu, mtu mzima, ana mgongo wake wa siku nyingi, na kwa heshima yake akapewa kiti cha mbele kwenye Impreza maana shemeji alisema mzee hawezi kufika ukweni na gari ya kawaida. Shangazi na mimi tukakaa nyuma. Viti vya mbele vilikuwa vile vya mashindano vyenye mabega, baba mdogo akaingia kwa makalio kwanza, miguu akaivuta baadae kwa mikono, kanzu ikabaki nusu nje tukafungua mlango tena. Mzee akauliza, "Mkwe, hiki kiti kinarudi nyuma?" Shemeji akajibu, "Hapana baba, hiki kimefungwa moja kwa moja, ni cha usalama." Mzee akasema haya.

Ntoe maelezo kidogo hapa ili mnielewe. Ile Impreza kiwandani ina nguvu za farasi 280, lakini shemeji alikuwa hajaridhika na miguu yake, akatoa springi na shokapu zote akafunga koilova, zile ambazo springi na shokapu vinakaa pamoja na una uwezo wa kuzungusha kola kwa spana gari ikapanda au kushuka. Springi zake zilikuwa za kilo nane, maana yake ukitaka iminyike milimita moja tu uibebeshe kilo nane, wakati za kiwandani zinacheza kwenye nusu ya hapo. Juu ya hapo tairi za 35, yani ukuta ni asilimia 35 tu ya upana wa tairi, ule ukuta wa tairi kati ya rimu na barabara ulikuwa kama milimita 75 hivi. Hakuna kilichobaki cha kumeza shimo zaidi ya uti wa mgongo wa abiria.

Kutoka mjini mpaka lami ya kwanza inaisha sina cha kulalamika, kwenye lami mpya gari ile ilikuwa raha, usukani ukiugusa pua imeshageuka, haiyumbi, haiinamii upande, unakaa nyuma unajiona upo kwenye reli. Shemeji anatabasamu, anamtazama mzee kwa jicho la pembeni anasubiri asifiwe. Mzee kimya.

Kisha daivashen.

Korogesheni za barabara ya vumbi mnazijua, kwa gari ya kawaida ukishafika spidi fulani inaelea juu juu hausikii sana. Ile haikuelea. Kila kituta kilipita kwenye chuma kikaja mpaka kwenye taya, shangazi alikuwa anasali akawa anakatika maneno katikati, "Ee Mu-mu-ngu". Kopo la asali tuliyokuwa tunawapelekea wakwe likafunguka kwenye buti, harufu tamu ikajaa gari zima. Shemeji akapunguza mwendo, akapunguza tena, mwishowe tunatembea na baiskeli ya mtu aliyebeba mkaa, anatupita kwenye mchanga tunampita kwenye kipande kigumu, mpaka akaanza kutusalimia "Mwangaluka!" kila tukikutana.

Matuta ndo ilikuwa vituko. Kwenye vijiji njiani kuna matuta ya udongo marefu ya kienyeji, wanakijiji wamejichongea wenyewe baada ya watoto kugongwa, sasa Impreza ikifika hapo tumbo linagusa. Dawa yake ni kukata kwa ubavu, tairi moja moja, na abiria washuke kupunguza uzito. Kwa hiyo pichani mmuweke mzee wa miaka sitini na zaidi, kanzu, koti, kofia, bakora, anashuka kwenye gari ya mashindano, anavuka tuta kwa miguu, anasubiri upande wa pili huku watoto wa shule wamekaa mstari wanacheka. Usoke alishuka, mbele ya Usoke akashuka tena. Tuta lililofuata akasema yeye anatembea mpaka lami ianze, tumfuate. Na kweli alitembea.

Ila kilichonifanya nikumbuke siku ile mpaka leo sio matuta, ni kona moja. Tumetoka daivashen tumeingia kipande cha lami ya zamani, imechakaa ina mawimbi mawimbi, shemeji ana hasira za kuchelewa akaachia gari. Mbele kuna kona ya kulia, sio kali, kona ya mtu anaipita na mazungumzo yake. Katikati ya kona kuna uvimbe, mzizi umeinua lami au sijui nini. Tukaugonga. Gari imelala chini kwa hiyo springi haina pa kwenda, ikafika mwisho kwenye ile raba ya kuzuia, na raba ikishabanwa hapo huna tena springi wala shokapu, umebaki na jiwe. Nyuma ikaruka. Niliona kabisa kupitia dirisha langu mti uliokuwa mbele ukahamia pembeni, nyuma imesogea kama hatua nzima kwenda kushoto, ikatua, tairi zikashika, gari ikajinyoosha kwa mshtuko. Shemeji aliikamata vizuri, lazima niseme ukweli, mikono anayo. Lakini hatukuwa na mwendo wa ajabu. Binamu na Legacy yake nyuma yetu alipita uvimbe ule ule kwa mwendo ule ule, nikageuka kumwangalia, gari ilifanya hivi tu, ikainama, ikainuka mara moja, basi.

Baba mdogo akavua kofia akaiweka mapajani. Hakusema kitu mpaka Urambo.

Ukweni tulifika tumechelewa na faini tukapigwa, kabla hata ya kukaribishwa ndani, wazee wa kule wanajua kazi yao. Mambo ya mahari nayaruka maana yalienda kama yanavyoenda, walitaja, tukashtuka kwa adabu, wakapunguza kidogo, tukala. Asali iliyobaki ilikuwa nusu kopo na shangazi akaikabidhi kwa uso mkavu kabisa kana kwamba ndo ilivyotoka Tabora.

Jioni wakati wa kuondoka shemeji akafungua mlango wa mbele, "Karibu baba." Mzee akampita akaenda kwenye Legacy. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mkwe, mimi nimekuja kutoa mahari, sijaja kutoa figo." Nikamfuata mzee, shangazi naye akanifuata mimi, kaka wa watu ikabidi ahamie Impreza akiwa bwana harusi mtarajiwa.

Na hapo ndo nilipata somo zima, maana niliyaonja magari yote mawili barabara moja siku moja. Legacy ya binamu sio laini kama wengi mnavyofikiria, mtu anadhani starehe ni gari inayobembea kama kitanda cha maji. Ile ina shokapu za Bilstein zilizokuja nazo toka kiwandani, na injini ya turbo ya lita mbili, familia moja na ya shemeji. Alichobadilisha binamu ni kushuka kutoka rimu za 18 kwenda 17 na kuweka tairi yenye ukuta mnene zaidi, 215 ya 50, yani upana milimita 215 na ukuta nusu ya hapo, basi. Kwenye korogesheni tulienda mwendo wa maana tunaongea. Baba mdogo akalala, anakoroma.

Nikamuuliza binamu imekuwaje, akanielezea huku anaendesha, yeye ana duka la spea kwa hiyo mambo haya ndo ugali wake. Akasema watu wanachanganya ugumu na ushikaji. Tairi inashika barabara ikiwa inagusa barabara, ikiruka haishiki hata ungefunga tairi za ndege. Springi kazi yake kubeba uzito na kumeza bonde, shokapu kazi yake kuizuia springi isiendelee kucheza ikishameza. Ukiweka springi ngumu kupita barabara yako tairi inadunda juu ya vituta badala ya kuvifuata. Kwenye uwanja wa mashindano wa Japani, lami kioo, kilo nane ni sawa kabisa. "Hapa Usoke?" akacheka.

Akaniambia kitu kingine nikakaa nacho, kwamba ile Impreza ya bluu ambayo shemeji anaiiga, Colin McRae, yule dereva wa mashindano ya rally, alishinda nayo Safari Rally Kenya mwaka 1997, na gari za Safari zilikuwa zimenyanyuliwa juu, miguu yenye safari ndefu ya kupanda na kushuka, laini kuliko unavyodhani. Yani shemeji amechukua rangi akaacha miguu.

Baadae mwenyewe nikaja kusoma kwamba hata wazungu na wajapani wenye hela zao wamehangaika na hili jambo miaka mingi. Toyota waliweka shokapu za kubadilisha ugumu kwa umeme kwenye Soarer mwaka 1983. Cadillac 2002 wakatoa zile zenye mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma, ukipitisha umeme sumaku inayafanya yawe mazito hapo hapo, ukikata yanalainika, na kompyuta inasoma barabara muda wote inaamua, Corvette na Ferrari nao wakazitumia. McLaren na MP4-12C ya 2011 walitoa kabisa zile fimbo za kuzuia gari isilale kwenye kona, wakaunganisha shokapu kwa mabomba ya mafuta, ndo maana watu waliishangaa gari ya spidi ile inavyopita barabara mbovu. Sasa mtu anaendesha gari ya milioni mia kadhaa anabonyeza kitufe cha starehe, wewe wa Tabora unalipa fundi akutolee starehe uliyokuja nayo bure.

Turudi njiani. Giza linaanza, lami ya zamani ile ile, shemeji akatupita akiwasha haziadi, kwenye kipande kilichonyooka akatuacha vizuri tu, nguvu anazo. Kufika kwenye mawimbi taa zake za breki zikawaka. Binamu hakuongeza wala kupunguza. Tukamkuta. Lami mpya ikaja akatuacha, mbovu tukamkuta, hivo hivo mpaka karibu na mjini, na kwenye ile kona yenye uvimbe alipita mwendo wa maiti, sisi tukapita kawaida, mzee hata hakuamka.

Tabora tuliwasubiri kwa muuza chipsi wa pale stendi. Kaka alishuka kwenye Impreza ameshika kiuno, akasema harusi itakapofika bibi harusi hapandi hii gari labda wakwe wawe wamesharudisha mahari.

Shemeji alinuna siku kadhaa. Kwanza akasema tatizo ni barabara, ambalo sio uongo, ila barabara ndo hiyo tunayo. Akajaribu kuzungusha kola gari ikapanda, ikawa haigusi matuta lakini ugumu uko pale pale maana springi ni zile zile. Mwishowe akaagiza springi na shokapu za kiwandani, za mtumba toka Dar, na rimu za 17. Nimeiendesha ikiwa hivo, na kwa maoni yangu ndo gari nzuri kuliko Legacy, ina ukali wake na unafika umekamilika. Koilova ziko chini ya kitanda chake kwenye boksi. Nimemfuata na laki tano mkononi aniuzie, nina mteja Mwanza, amegoma.