AG100 iliyolala inaweza kurudi barabarani

Ukikuta pikipiki AG100 ya zamani imetupwa nyuma ya nyumba, nakuomba usipige kiki kwanza. Yangu ililala hapa Ndosho, Goma, miaka mingi, kutu kila mahali, watu wanasema uza chuma tu, lakini hii moto ya Yamaha ni ya tan mbili (pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu, inawaka), ndani haina vitu vingi, na mimi naipenda sana.

Toa buji (ile plagi ya kuwasha), mimina mafuta ya enjini kidogo ndani ya silinda, acha siku kadhaa yashuke kwenye segma (pete za pistoni), kisha sukuma kiki polepole na mkono. Pistoni ikitembea, furahi! Tanki nilitia changarawe ya lava (hapa Goma iko kila kona) na mazutu, nikatikisa mpaka kutu ikatoka. Karbirateri fungua yote, jikleri (vile vitundu vya kupitisha esanse) pulizia hewa, usichokoe na waya juu tundu litapanuka, na hapa tuko karibu mita 1,500, hewa nyepesi, esanse ikizidi buji inalowa.

Kitu watu wanasahau ni zile jwe za vilbreken (mipira inayoziba hewa kwenye shafti ya enjini). Zikikauka enjini inavuta hewa ya pembeni, inachemka, pistoni inakwama, basi weka mpya tu. Pampu ya mafuta nayo itoe hewa, na mwanzoni changanya mafuta kwenye esanse kabisa, pampu iliyolala siiamini.

Ikawaka, moshi mtaa mzima, majirani wote inje! Sasa natafuta kebo ya breki ya mbele, mwenye kuiona mtaa wa Birere aniambie.