Stata ya lori ilivyopona kwa kubadilishwa bushi

Lori likianza kupiga stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake, kwa kujikongoja, kila anayepita anageuka fundi umeme. Mmoja aliniambia betri zimekufa. Mwingine akasema stata itupwe, ifungwe nyingine. Wa tatu hakusema kitu: alichukua nyundo, akaigonga stata, injini ikawaka, akaondoka kifua mbele. Nyundo husaidia kwa sababu kaboni (kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) iliyonasa kwenye kishikio chake inashtuka na kugusa tena, au kopa, yaani bolti za shaba nyekundu za kupitisha umeme, zilizoungua ndani ya solenoidi, swichi kubwa ya stata, zinapata mahali papya pa kukutana. Hiyo siyo tiba. Stata inayowaka kwa kugongwa inaomba kufunguliwa.

Kilichonifanya nisikimbilie betri ni kwamba injini ikiwa baridi iliwaka bila shida, ikishapata moto stata ilizunguka kwa uzito. Kwa kawaida huwa kinyume, maana asubuhi oili ni nzito na betri ya baridi hutoa umeme kidogo. Stata inayochoka ikipata moto, mara nyingi ugonjwa uko ndani yake. Bushi, vile vipete vya shaba ambamo shafti inazungukia, zikilika, amecha (sehemu ya ndani inayozunguka) inashuka na kukwaruza vile vyuma vinavyobeba koili, na joto likitanua kila kitu, hata ule upenyo mdogo uliobaki unakwisha.

Hata hivyo, mita kwanza, spana baadaye. Mfumo wa volti 24 ni betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, kwa hiyo zikiwa zimejaa na zimetulia zinasoma 25.2 au juu kidogo. Pima kila moja peke yake, kwa sababu moja mbovu humwangusha mwenzake. Wakati stata inazunguka, jumla isishuke chini ya 19 hivi. Kisha kuna kipimo ambacho wengi wanakiruka. Zuia mafuta ili injini isiwake, gusisha ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye bolti nene ya stata, halafu mwenzako azungushe ufunguo. Namba utakayoiona ni volti zinazopotelea njiani, na ikizidi nusu volti waya au viungo vyake ni vibovu. Rudia kati ya bodi ya stata na hasi ya betri. Kwangu chanya ilikuwa safi, lakini upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ulikuwa unakula volti moja na ushee, kwa sababu mkanda wa ethi kutoka kwenye injini ulifungwa juu ya kutu na rangi ya chesisi. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu. Stata ikapata nafuu, haikupona.

Kuitoa sina haja ya kueleza sana. Hasi ya betri itangulie kutoka, na stata ya lori iwekewe kitu chini kabla bolti ya mwisho haijaachia, maana ni chuma kizito na wewe umelala chini yake. Piga mistari kwa patasi kwenye mfuniko wa mbele, bodi na mfuniko wa nyuma, ili virudi vilivyokuwa. Zile washa nyembamba kwenye ncha za amecha zipange mezani kwa mfuatano wake. Ndizo zinazozuia amecha isicheze mbele na nyuma, na ikibaki moja mezani utaijua siku stata itakapoanza kupiga kelele.

Amecha ilipotoka, maelezo yote yalikuwa juu yake: upande mmoja wa mduara umekwaruzwa mpaka unang'aa kama kijiko, na kwenye vyuma vya koili kuna alama zinazolingana nao. Nilipoingiza shafti kwenye bushi ya nyuma na kuitikisa, ilicheza waziwazi. Tundu lilikuwa yai, si duara.

Bushi ya mbele inatoka kwa kusukumwa, kwani tundu lake limepenya. Ya nyuma ndiyo kesi, kwa sababu imekaa kwenye mfuniko uliozibwa na hakuna pa kuisukumia. Patasi nilikataa, kwani inachana kuta za mfuniko na bushi mpya haikai tena. Ushauri maarufu ni grisi: jaza tundu, ingiza chuma kinachobana, piga nyundo, grisi isukume bushi kutoka chini. Inafanya kazi, ila kwa bushi ambayo bado ni duara. Yangu ilikuwa imelika upande, chuma hakikubana, na kila pigo grisi ilipenya pembeni na kuniruka kifuani. Bushi haikusogea hata kidogo.

Kilichoitoa ni karatasi ya msalani. Nilifuta grisi yote, nikalowesha karatasi, nikaifinyanga na kuishindilia ndani ya tundu mpaka juu, kisha nikaingiza shina la biti ya drili lenye kipenyo karibu sawa na tundu, nikapiga kwa nyundo. Karatasi iliyolowa haikimbii pembeni kama grisi, inageuka gogo gumu. Shina likizama, ongeza karatasi, piga tena. Baada ya kuongeza mara kadhaa ukingo wa bushi ukaanza kuchomoza taratibu, mpaka ikadondoka yenyewe mezani ikiwa na donge la karatasi tumboni. Vaa miwani, maana maji yanaruka.

Bushi mpya ni shaba yenye vinyweleo, na inatakiwa inywe oili ya injini usiku na mchana kabla ya kufungwa. Ukiwa na haraka, ziba upande mmoja kwa kidole, jaza oili, bana kwa dole gumba mpaka matone yatoke jasho kwenye ukuta wa nje. Usiichonge ndani kwa rima (kifaa cha kupanua tundu) wala msasa, utaziba vinyweleo na itakufa mapema. Niliibana kwa vaisi, siyo nyundo, ikiwa imevalishwa kwenye chuma laini chenye unene sawa na shafti, ili ikibanwa na mfuniko isinywee kupita kiasi.

Kwa kuwa stata ilikuwa wazi, sikuacha mengine. Kaboni zilikuwa zimebaki chini ya nusu, nikabadilisha zote nne. Chukua kaboni za stata zenye kopa nyingi. Zile za dainamo zina ukinzani mkubwa, stata itakosa nguvu. Komyuteta, ile sehemu ya amecha yenye vipande vya kopa ambavyo kaboni hugusa, niliisafisha kwa msasa laini wa karatasi, kamwe siyo ule mweusi wa kitambaa, ambao chembe zake hubaki katikati ya vipande. Kuhusu kuchimba mika, kizuia umeme kilicho kati ya vipande, fuata ilivyotoka kiwandani: kuna stata ambazo hazichimbwi kabisa. Kisha mita: kati ya komyuteta na shafti kusiwe na mawasiliano yoyote ya umeme. Yakiwepo, amecha imepiga shoti na bushi mpya hazitaisaidia.

Solenoidi ikitoa mlio mmoja wa "ta!" na stata haizunguki, mara nyingi ni kopa za ndani zimeungua. Yeyusha risasi inayoshika nyaya mbili ndogo, vua mfuniko, ugeuze kila bolti ya kopa nusu mzunguko ili upande mzima ukutane na kisahani kinachoziunganisha, nacho ukipindue. Unapata kopa mpya bila kununua. Nati za mfuniko huo kaza kwa heshima, ni plastiki ngumu inayopasuka.

Bendiksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika meno ya injini, usiioshe kwa petroli wala dizeli, grisi iliyofungiwa ndani itayeyuka na itaanza kuteleza. Ifute tu kwa kitambaa. Inatakiwa izunguke upande mmoja na igome upande wa pili.

Wakati wa kurudisha, vuta kaboni juu kidogo na uache springi ziegemee ubavuni mwake. Zinabaki zimening'inia, amecha inaingia bila kugombana nazo, kisha unazisukuma zishuke. Jaribu kwenye vaisi kwa sekunde chache tu, kwani stata isiyo na mzigo huzidi kupandisha mwendo mpaka inaweza kutapika nyaya za amecha.

Kabla ya kuipandisha, chungulia meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo bendiksi hulishika, ukizungusha injini kwa mkono. Injini ya silinda sita huwa inasimama karibu sehemu tatu zilezile, ya silinda nne sehemu mbili, na meno huliwa hapo hapo. Yangu yalikuwa yamechongoka kidogo, yanavumilika.

Sasa injini ikiwa moto inazunguka kama asubuhi, na mita inasoma 21 na ushee wakati wa kupiga. Bushi mbili na kaboni nne hazikufikia hata sehemu ndogo ya bei ya stata nyingine. Betri ni zilezile zilizoambiwa zimekufa.