Usimpe Baba Sisimizi

"Usimpe baba," Bwana Maswali alimwambia mdogo wake juzi jioni. "Mpe mtu mwingine yeyote. Baba usimpe."

Mdogo wake alikuwa amesimama mbele yangu kakunjua kiganja, na juu ya kiganja sisimizi mmoja anahangaika kutafuta pa kushukia. Alikuwa ananiletea mimi. Akaurudisha mkono nyuma taratibu, huku ananitazama kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba mbwa wa jirani anauma.

Miaka sita imepita. Nilidhani kasahau.

Bwana Maswali, huyu mwanangu, mnamjua kwa yale niliyokwisha kuandika humu, kwa hiyo sitarudia. Niseme tu kwamba siku hizi ananifika begani na maswali yamepungua, au labda anayapeleka kwingine. Wakati ule alikuwa na miaka mitano na nilikuwa namsomea kila usiku, kwa nidhamu ya mtu anayemaliza dozi. Ndivyo nilivyoanza, kusema kweli. Mwaka 2014, yeye akiwa mchanga kabisa, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri kwamba wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu uchanga, nami nikaupokea kama karatasi ya daktari. Moja mara moja, kabla ya kulala, tikisa kabla ya kutumia.

Kitabu chenyewe kilishapoteza jalada. Sisimizi wawili wanatafuta mwisho wa dunia, basi. Wanapanda jiwe, wanavuka kamba ya kuanikia nguo, wanalala ndani ya kifuniko cha chupa. Katikati ya safari mvua inanyesha na yule wa nyuma anachukuliwa na maji. Kurasa mbili nzima ni maji ya buluu, na chini kabisa pembeni kuna mguu mmoja.

Usiku wa kwanza nilipofika hapo nilimtazama usoni nikashindwa. Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja, nikasema, "Halafu wakaendelea na safari."

Ubaya ni kwamba asiyejua kusoma anajua kuhesabu. Kuanzia hapo kila picha ina sisimizi mmoja tu.

"Mbona yuko peke yake?"

"Mwenzake yuko nyuma. Anakuja."

"Anakuja lini?"

"Anakuja tu. Miguu inamuuma."

Usiku uliofuata nikaongeza kwamba amesimama kidogo kuongea na konokono. Mwingine, kwamba amerudi kuchukua kitu alichosahau. Nilikuwa najiona fundi. Mke wangu aliwahi kusimama mlangoni akanisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda zake, nilidhani ananisifu.

Nisichokijua ni kwamba asubuhi kile kitabu kilikuwa hakijafungwa. Kilihamia uani. Jiwe lililokuwa pembeni ya bomba likawa mlima, dimbwi la maji yaliyovuja likawa bahari, na yeye kutwa amelala kifudifudi, shavu limegusa udongo, anawatolea sisimizi vijiti njiani. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kinatambua kwamba mtoto ana haki ya kucheza. Hakisemi baba akae wapi wakati huo. Mimi nilikaa kwenye kiti, na simu. Kutoka pale kwenye kiti nilikuwa namsikia: "Umepita huku jana?" Anasubiri jibu. Halafu anasogea kwa mwingine. "Wewe je? Miguu inakuuma?"

Nikadhani anacheza. Kumbe anamtafuta mtu.

Sasa, ile Jumamosi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekesha nasoma habari za vile vishimo vilivyokuwa chini ya upenu wetu, mahali ambapo mvua haifiki na mchanga unabaki mkavu, laini kama unga. Vishimo vya upana wa kidole gumba hivi, vimechongoka kwenda chini, kila kimoja kama mdomo wa tarumbeta iliyozikwa. Nilivipita miaka yote bila kujiuliza nani kavichimba. Usiku ule nikajua: ni buu, ana mwili wa mviringo na taya mbili zilizopinda kama mundu, anayechimba kwa kurudi kinyumenyume huku anazunguka na kurusha mchanga nje kwa kichwa. Akimaliza anajifukia chini kabisa ya shimo, anaacha taya tu, anasubiri. Wengi wao wamo katika kundi ambalo wanasayansi wanaliita Myrmeleon, maneno mawili ya Kigiriki yaliyounganishwa, sisimizi na simba. Simba wa sisimizi! Nililala nikiwa na hamu kupambazuke. Nilikuwa nimepata kitu cha kumwonyesha mwanangu ambacho hakikutoka kitabuni.

Asubuhi alinijia mbio, mikono miwili ameifumba kama anabeba maji.

"Baba. Nimempata."

"Umempata nani?"

"Yule wa nyuma."

Niliyasikia yale maneno. Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba sikuyasikia, lakini niliyasikia, ila yalipita kama yanavyopita maneno ya mtoto wakati una la kwako unalotaka kulisema. Nikamwambia, "Nzuri sana. Hebu nipe nikuonyeshe kitu."

Akanipa. Bila kusita hata kidogo. Alimshusha kwenye kidole changu kwa kuugusanisha ukucha wake na wangu, akasubiri mpaka miguu yote imevuka. Tukaenda upenuni, tukachuchumaa, magoti yetu yamegusana. Nikainamisha kidole juu ya kishimo kikubwa kuliko vyote, nikampuliza.

Aliangukia nusu ya ukuta. Akasimama. Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea, na nikaona Bwana Maswali anatabasamu, anadhani hili ni bonde tu, sehemu mpya ya safari. Kisha sisimizi akaanza kupanda. Ukuta wa kishimo kile una mwinuko wa mwisho kabisa ambao mchanga mkavu unaweza kuuvumilia. Ukiongeza mguu mmoja tu unaporomoka. Akapanda hatua tatu, akateleza nne. Akapanda tena. Miguu yake ilikuwa inakwenda kasi kuliko yeye mwenyewe anavyokwenda. Chembe za mchanga zilizokuwa zinadondoka kutoka chini yake zilifika chini ya shimo, na zilipofika, chini pakajibu.

Mchanga uliruka. Mdogo sana, kama mtu amepiga chafya ndani ya unga. Ukaruka tena, ukamwangukia mgongoni, ukamshusha.

"Baba, kuna mtu huko chini."

"Eeh. Tazama sasa."

"Baba, mtoe."

Nikasema, "Subiri uone."

Maneno mawili. Nimeshasema mambo mabaya zaidi kwa hasira, na nimeyasahau. Haya niliyasema kwa furaha, kwa sauti ile ile ya kumsomea, hata nikamwekea mkono begani asiinuke.

Sisimizi alikuwa amefika karibu na ukingo. Kwa kweli alikuwa amefika. Miguu ya mbele ilishagusa mchanga wa juu. Ndipo ukarushwa mchanga wa tatu, na safari hii ukuta mzima ukashuka naye. Taya zikatokea, zikafumba. Akavutwa nusu, akang'ang'ania, akavutwa tena. Mguu mmoja ulibaki nje ya mchanga, unachezacheza.

Mguu mmoja, pembeni, chini. Hapo ndipo niliposhtuka. Picha ile niliijua.

Nikang'oa jani la nyasi, nikaliteremsha, nikachokoa. Likarudi tupu. Nikachokoa tena. Kishimo kikabomoka kote, na katikati ya mchanga uliobomoka hapakuwa na kitu.

Hakulia. Ningependa angelia. Alibaki amechuchumaa, mikono katikati ya magoti, na mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaanza kutoa mhadhara. Nikamwambia kwamba buu huyu anaweza kukaa hivyo hivyo mwaka, hata miwili na zaidi, kwa sababu chakula ni cha kubahatisha. Kwamba muda wote huo hajisaidii haja kubwa, anaiweka mpaka atakapokuwa mkubwa. Siku nyingine yoyote habari kama hiyo ingemfanya agaegae chini kwa kicheko. Aliisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mgeni.

Halafu akasema, "Ulisema anakuja."

Asubuhi ya pili niliamka kabla yake. Nilishasoma kwamba mdudu yule humng'ata windo lake, akamnyonya majimaji ya ndani, kisha ganda tupu analirusha nje ya shimo. Lilikuwepo, kweli, jepesi kama majivu. Nikalifukia kwa kidole cha mguu. Nikawa nimeruka ukurasa mwingine.

Jioni ile alikileta kitabu mwenyewe. Hakukifungua mwanzo. Alifunua mpaka kwenye karatasi zile mbili, ambazo kwa kufunuliwa pamoja kila siku zilikuwa zimeanza kushikana kama zimegandishwa, akazitenganisha kwa ukucha, polepole, akaweka maji ya buluu mbele yangu. Kumbe alishajua kwamba pana kitu hapo. Tangu lini, sikuuliza.

"Soma hii."

Nikasoma. Mistari minne tu, na sauti yangu ikawa ya mtu anayesoma barua isiyo yake. Aliweka kidole kwenye ule mguu mmoja mpaka nikamaliza.

"Sasa soma ile ya kwako."

Nikafunga zile karatasi mbili pamoja. Nikasema, "Halafu wakaendelea na safari." Akageukia ukutani, akalala.

Wiki kadhaa baadaye tulimwona mdudu mwenye mbawa nne ndefu ameganda ukutani karibu na taa, kama kereng'ende aliyechoka, ila huyu ana vipapasio vyenye vichwa mwishoni. Nikamwambia ndiye yule yule wa shimoni, au ndugu yake. Kwamba wakati ukifika anajifumia mpira wa hariri uliopakwa mchanga, anabadilika humo, anatoka na mbawa. Alimtazama muda mrefu.

"Kwa hiyo na yule wa nyuma anaruka?"

Nilitaka kusema ndiyo, ni jibu zuri. Nilitaka pia kusema mambo hayaendi hivyo, ingawa ukilitafakari, mbawa zile zimejengwa kwa kitu gani kama si kwa sisimizi? Nikasema, "Labda kidogo." Akaonekana ameridhika. Mimi sikuridhika, mpaka leo.

Watu huniuliza, kwa kuwa nimeandika sana humu kuhusu kusomea watoto, kama nawashauri waseme ukweli wote au wapunguze. Siku hizi sijibu. Najua tu kwamba mimi nilikuwa nikisimulia kwa ajili ya kulaza mtu, na mtu mwenyewe alikuwa akiamka alfajiri kwenda kushughulikia nilichosema. Ningesoma zile kurasa siku ya kwanza, yule sisimizi wa Jumamosi angekuwa sisimizi tu, na labda angekufa bila kuliliwa na mtu. Sina hakika kwamba hilo lingekuwa afadhali.

Basi, juzi. Mdogo wake bado kasimama, kiganja nyuma.

"Kwa nini nisimpe?"

Bwana Maswali alinitazama. Hakuwa na haraka. Ana macho ya mama yake, yale ya mlangoni.

"Aliwahi kumwangusha mmoja shimoni," akasema. "Bahati mbaya."

"Akafa?"

Nilishafungua mdomo. Miaka sita ni mingi, nilikuwa nayo sentensi nzima tayari.

"Hapana," akasema yeye. "Baba aliteremsha jani, akapanda nalo mpaka juu. Alikuwa amechelewa tu, mwenzake alikuwa anamsubiri." Akanyamaza kidogo, kama anayefunua karatasi. "Halafu wakaendelea na safari."

Mdogo wake alifikiri. Kisha akaunyoosha mkono tena upande wangu, sisimizi sasa keshafika kwenye kifundo cha mkono, na akaniambia haya, mchukue, ila polepole.

Mikono yangu niliiacha mgongoni.