Kutoka Mtoni mpaka Kidichi: nyumba za bustanini za Seyyid Said

Wageni wengi wakifika Unguja wanaishia Mji Mkongwe, milango, Ngome Kongwe, jioni Forodhani, basi kesho yake ni Nungwi. Mi safari hii nilikuwa nataka barabara ya Bububu, na sababu ni moja tu, nilitaka kuona zile nyumba za pembeni, yaani sio jumba lenyewe bali kile kijengo Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alichojiwekea bustanini ili apumzike. Majumba ukishaona mawili matatu yanaanza kufanana bwana, ila kijengo cha bustanini ndo kinakwambia mwenyewe alikuwa anapenda nini.

Nikachukua daladala Darajani. Maruhubi, kwenye magofu ya jumba, sikukaa sana, kuna nguzo nene za mawe zimejipanga zenyewe hazibebi kitu, sababu Sultan Barghash alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880 halafu 1899 moto ukala mbao zote, na baraza kubwa la juu lilikuwa la mbao. Kuna hamamu pia pale, yaani nyumba ya kuogea. Nikapiga picha nikasonga.

Mtoni ndo nilikokaa. Hili ndilo jumba kongwe kuliko yote ya masultani Unguja, Seyyid Said alilijenga kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820, ufukweni kabisa, mbele unaona visiwa vya Changuu na Chapwani. Leo ni kuta tu za matumbawe na chokaa. Nikaanza kuzipima kwa hatua, vyumba virefu lakini vyembamba, kirefu chembamba, kirefu chembamba, kila ukiingia ni hivyo hivyo. Ukitoka mwambao unajua kwa nini: dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haikupi zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo uwe mvuvi uwe sultani upana wa chumba chako kaupanga mkoko. Unaweza kukirefusha upendavyo, kukitanua huwezi.

Sasa hapo ndo nikaelewa utamu wa benjle, lile baraza la mfalme la kupumzikia. Hulioni leo, limeshapotea, tunalijua kwa Sayyida Salme, binti yake Seyyid Said aliyezaliwa hapo hapo Mtoni mwaka 1844, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kumbukumbu zake zikatoka 1886. Anasema mbele ya nyumba, upande wa bahari, kulikuwa na baraza kubwa la duara lililoinuliwa juu, sakafu mbao, ukingo mbao, paa la mbao limechongoka kama hema, vyote vimepakwa rangi. Pembeni viti vya henzirani vimezunguka, na darubini ya kutazamia bahari, yeyote anaruhusiwa kuitumia. Baba yake alikuwa anakaa Mtoni siku 4 za wiki, na mara kadhaa kwa siku wanakunywa kahawa hapo yeye na mke wake mkubwa na watoto waliokwisha kukua, na kama una neno lako na mfalme hutaki wengine wasikie basi unamvizia hapo akiwa peke yake, anatembea huku na huku kainamisha kichwa anawaza.

Hebu fikiria, nyumba ina watu kama elfu moja kwa hesabu ya Salme mwenyewe, uani kuna tausi, mbuni na paa wanazurura, na vyumba vyote ni vyembamba, halafu mtu anayetawala kutoka Muscat mpaka huku mahali pake pa kupumulia ni duara wazi la mbao, halina ukuta wala pembe! Kwangu mimi hiyo ndo nyumba yake, lile jumba lilikuwa la familia na serikali. Nilisimama ufukweni nikijaribu kukisia benjle lilipoanzia na lilipoishia, nikachoka. Ubao mbele ya bahari, chumvi, mvua ya masika, mchwa, hauna maisha.

Kidichi iko juu kwenye vilima, unafika Bububu unakata ndani, nikachukua bodaboda katikati ya mikarafuu na minazi. Hamamu hii Seyyid Said aliijenga 1850 kwenye shamba lake kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, Shehrazadi. Kwa nje utapita bila kugeuka, vikuba vyeupe vimeingia ukungu mweusi. Mlangoni kulikuwa na mzee mmoja, nikamwamkia, akaniambia "ingia mwanangu, tazama juu kwanza". Nikatazama juu. Hakuna boriti hata moja!

Kuba lenyewe ni mawe na chokaa tu yanaegemeana, ndo maana chumba kimekuwa na upana ambao Mtoni sikuuona, na ndo maana kimesimama mpaka leo, sababu magofu mengi huku huanzia kwenye boriti, kichwa kinaoza ndani ya ukuta, dari inashuka, mvua inaingia katikati ya ukuta, mti unaota, kwisha. Hapa hakuna cha kuoza. Kutani kuna nakshi za chokaa, maua, mitende, na ndege. Ndege! Kwenye nyumba ya sultani wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ambayo misikiti yake haina pambo karibu lolote. Hizo ni mambo za Uajemi, na nadhani Seyyid Said alikubali kwa sababu ya mke tu, na ndoa yenyewe haikudumu, bibie aliachwa akarudi kwao.

Kinachoniudhi ni viraka vya saruji. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia unatoka, ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani na nakshi inaanza kubanduka vipande vipande, na hii mafundi wetu wa mwambao wanaijua vizuri tu, chokaa bado inachomwa, sasa sijui haraka ya nini. Kama unaenda nenda mchana jua likiwa juu, mwanga unashuka kutoka kwenye kuba na zile nakshi zinasimama, asubuhi mapema utaona ukuta wa kijivu tu na utasema nilikudanganya.